Lishe ya Mtoto Mwenye Uvimbe Sugu wa Matumbo

Watumishi wa Serikali na wananchi, hususan waliohamia na familia zao Shinyanga na katika ukanda wa machimbo ya dhahabu ya Geita, wanafahamishwa kwamba mtoto anayeharisha kwa zaidi ya majuma mawili, akapungua uzito au akatoa damu chooni, hapaswi kunyimwa chakula. Wako wazazi wanaompa chai ya rangi na uji mwepesi pekee ili tumbo lipumzike. Nia yao ni njema, lakini mtoto hudumaa.

Jambo la kwanza ni kupimwa. Yapo maradhi ya uvimbe sugu wa matumbo yasiyoletwa na vijidudu vya kuambukiza, mojawapo likiwa lile lililoelezwa na Dokta Burrill Crohn na wenzake huko New York mwaka 1932. Hata hivyo, kandokando ya Ziwa Viktoria kuna kichocho cha matumbo na amiba, na machimboni kuna kifua kikuu, ambacho huweza kushambulia matumbo pia. Dalili zake hufanana mno. Dawa za steroidi zitulizazo uvimbe huweza kukichochea kifua kikuu kilichojificha. Kwa hiyo haifai kuzinunua dukani kwa kubahatisha.

Ikithibitika kuwa ni ugonjwa wa Crohn, chakula chenyewe huwa tiba. Mtoto hupewa maziwa maalumu yenye lishe kamili, bila chakula kingine, kwa majuma 6 hadi 8. Njia hii hutuliza uvimbe kwa watoto wengi na huwaepusha na steroidi, ambazo huzuia ukuaji. Maziwa ya ng'ombe au ya kopo ya watoto wachanga hayashiki nafasi yake. Maziwa hayo ni ghali na ni adimu, hivyo mzazi amwulize daktari wa rufaa, kwa mfano katika Hospitali ya Bugando, Mwanza, kabla ya kuuza ng'ombe. Kwa uvimbe wa utumbo mpana pekee, tiba hii haijathibitika kufaa.

Maradhi yanapopamba moto, hasa utumbo ukiwa umesinyaa, mtoto apewe vyakula laini: wali, ndizi mbivu, yai, sato aliyeondolewa miiba, na uji wa unga uliokobolewa. Michembe, karanga nzima, mahindi ya kuchoma na mboga mbichi vingoje. Uji mzito uliotiwa unga kidogo wa kimea cha mtama, ukachemshwa tena, hulainika bila kuongezwa maji. Kikombe kimoja hubeba chakula kingi zaidi. Maziwa yasikatazwe ila yakionekana kumdhuru. Akipata nafuu, arudi kwenye chungu cha nyumbani hatua kwa hatua.

Mzazi aendapo hospitali achukue kadi ya kliniki yenye uzito wa kila mwezi, pamoja na orodha ya vyakula alivyokula mtoto kwa siku 7 zilizopita, na ataje waziwazi iwapo nyumbani yuko mtu mwenye kikohozi cha muda mrefu.