Nguvu za Maksai Hujengwa Kiangazi

Mvua za kwanza zikishuka mwezi Novemba katika vijiji vinavyoizunguka Kagongwa, plau hutolewa stoo, minyororo hukaguliwa, na nira huwekwa shingoni mwa maksai ambao kwa miezi kadhaa hawajagusa kazi nzito. Kutokana na jasho lao hupatikana mpunga ambao baadaye hufika kwenye mashine za kukoboa za Kagongwa, kando ya barabara kuu ya Isaka kwenda Kahama, na kutoka hapo mchele husafirishwa miji ya mbali. Mchele huo husifiwa na kila anayeula, lakini hali ya mnyama aliyeulimia haizungumzwi sana. Inafaa izungumzwe. Kumwacha maksai akonde kiangazi chote, kisha kumdai kazi ngumu kuliko zote za mwaka siku ya kwanza ya mvua, ni mateso kwa mnyama na ni hasara kwa mwenye shamba. Hasara hiyo huzuilika, ila kazi ya kuizuia huanza miezi miwili kabla ya wingu la kwanza.

Kiini cha tatizo ni kalenda yenyewe. Kuanzia Juni hadi Oktoba nyasi za Usukumani hukauka, zikabaki makapi yenye protini kidogo sana, na maji huwa mbali. Ng'ombe hutembea sana akapata kidogo, hivyo mwili hula akiba yake: mafuta kwanza, kisha misuli yenyewe. Oktoba inapoisha, mbavu zinahesabika na nundu imenywea. Wahenga walisema ng'ombe haelemewi na nunduye, na ni kweli, kwa sababu nundu nene ni dalili ya mnyama aliyeshiba na ndiyo inayozuia nira isirudi nyuma. Nundu iliyosinyaa hutoa habari nyingine: mnyama huyu hana akiba ya kutumia. Basi kazi kubwa kuliko zote humkuta maksai katika wiki zake dhaifu kuliko zote, na kwa mkulima anayeitegemea jozi yake, huo ndio mwanzo wa msimu.

Wanaoufahamu mwili wa mnyama wa kazi wanajua kwamba udhaifu huo si wa tumbo peke yake. Mnyama aliyekaa bila kazi hupoteza uzoevu wa moyo, mapafu, misuli, kano na hata ngozi, na viungo hivyo havirudi kwa kasi moja. Moyo na misuli huanza kuimarika ndani ya wiki chache za mazoezi, lakini kano na mifupa huhitaji miezi. Hapo ndipo hatari inapojificha: mnyama anaweza kuonekana ana nguvu za kuvuta huku kano za miguu yake bado haziwezi kuubeba mvuto huo. Ngozi ya shingo iliyolainika hukwanguliwa na nira siku mbili za kwanza tu, ikawa kidonda, na kidonda kikifanyiwa kazi hakiponi. Jicho pekee halitoshi kupima utayari wa mnyama: katika mashindano ya farasi ya masafa marefu yanayosimamiwa na Shirikisho la Kimataifa la Michezo ya Farasi, madaktari humpima kila farasi njiani, na ambaye mapigo ya moyo wake hayashuki hadi kiwango kilichowekwa katika muda uliopangwa hutolewa mashindanoni, hata kama mpandaji anasema yuko sawa. Farasi hao wamefanyishwa mazoezi kwa miezi mingi, na bado hawaaminiwi kwa macho tu.

Hesabu ya nguvu nayo inatoa ushahidi wake. Kwa kazi ya saa kadhaa, maksai huweza kuvuta kwa mfululizo nguvu inayokaribia sehemu ya kumi ya uzito wake. Jozi ya maksai wenye kilo 300 kila mmoja ina uzito wa kilo 600, hivyo mvuto wake wa kudumu ni kama kilo 60. Kiangazi kikiwapunguza hadi kilo 250 kila mmoja, mvuto huo unashuka hadi kilo 50. Plau katika udongo mweusi wa mbuga, ule unaonata ukilowa na unaopendwa na mpunga, huweza kuhitaji mara mbili ya hapo. Ndiyo maana wakulima wengi hufunga jozi mbili. Wenye jozi moja iliyokonda huongeza kiboko, na kiboko hakiongezi kilo hata moja. Tena ng'ombe anahitaji saa nyingi za kula na nyingine nyingi za kucheua. Akikaa kwenye plau tangu alfajiri hadi alasiri, muda wa kuijaza tena nguvu aliyotumia haupo, na kesho anaanza akiwa chini ya alipoanzia leo.

Ugonjwa ukiingia juu ya hali hiyo, mambo huwa mabaya zaidi. Minyoo na kupe hupunguza damu, na damu ndiyo inayopeleka hewa kwenye misuli inayovuta. Mnyama mwenye ndigana au nagana iliyojificha anaweza kuishi malishoni bila kuonyesha dalili kubwa, lakini akitiwa nira akaanguka. Historia ya nchi yetu, Tanzania, ina mfano mkubwa. Mwaka 1916 jeshi la Uingereza chini ya Jenerali Jan Smuts liliingia katika ardhi hii, iliyokuwa koloni la Wajerumani, likitegemea sana wapanda farasi. Farasi walikufa kwa maelfu kutokana na nagana inayoenezwa na mbung'o, na mwendo mrefu bila malisho ya kutosha ukawamaliza. Nagana ni sababu mojawapo ya maksai na punda kuichukua hapa kazi ambayo kwingine ni ya farasi. Punda naye ana shida ileile akivuta maji, kuni au magunia, ila yeye huificha: husimama kimya hata akiumia, na ukimya wake hudhaniwa ni ugumu wa mwili.

Mkulima atasema, na ana haki ya kusema, kwamba mvua haimsubiri mtu. Anayechelewa kupanda huvuna kidogo. Lakini hoja hiyo ndiyo inayolazimisha maandalizi. Maksai anayelima eka yake taratibu kila siku bila kuanguka humaliza shamba mapema kuliko anayekokotwa siku tatu, kisha akalala wiki nzima na kidonda shingoni. Wengine husema ng'ombe wetu ni wagumu. Ni wagumu kweli: wanavumilia joto, kiu na kupe kuliko ng'ombe wa kigeni. Uvumilivu huo ni uwezo wa kubaki hai katika shida, na kubaki hai si sawa na kuvuta plau kwa saa sita. Pingamizi zito kuliko yote ni umaskini: nani ana chakula cha ziada kwa ng'ombe Oktoba, watoto wenyewe wakipimiwa?

Jibu la swali hilo lipo ndani ya Usukuma wenyewe. Wasukuma walikuwa na ngitili, malisho yaliyofungwa wakati wa masika ili nyasi zibaki zimesimama hadi kiangazi, zikatunzwa kwa ajili ya ndama, wagonjwa na maksai wa plau. Mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ulioanza mwaka 1986, uliufufua utaratibu huo na kurudisha mamia ya maelfu ya hekta za malisho na miti. Kinachohitajika leo ni kutenga sehemu ya ngitili mahsusi kwa wanyama wa kazi. Eneo hili la pamba lina mashudu, na mashine za Kagongwa zinatoa pumba laini za mchele. Kiasi kidogo cha hivyo viwili, juu ya mabua ya mpunga, huongeza protini inayokosekana. Maganda magumu ya mpunga yasichanganywe na pumba hizo, kwa kuwa hayana lishe ya maana. Pamoja na chakula, mnyama apewe dawa ya minyoo mwanzoni mwa Septemba na kazi nyepesi ya kumzoesha: kuvuta tela tupu asubuhi, muda ukiongezwa kidogo kidogo kwa wiki nne au zaidi. Hii ndiyo shule ya misuli na ngozi, na mwanzo wa shule ya kano.

Wapo watakaosema trekta zitamaliza mjadala huu. Zitasaidia, na kijana anayeiona dhahabu ya Kakola au Geita hatarudi kwenye plau kwa hiari. Lakini trekta hulipiwa fedha taslimu wakati ambao mkulima mdogo ana chache, na mbuga iliyolowa huikwamisha. Punda nao hawapatikani kirahisi baada ya biashara ya ngozi zao kuitikisa Afrika, hadi Umoja wa Afrika ukakubaliana Februari 2024 kuizuia kwa miaka 15. Mnyama aliyepo ndiye wa kutunzwa. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inampa kila mwenye mnyama wajibu wa kumtunza na inakataza kumtesa, na wajibu huo humfuata hata anayekodisha maksai kwa eka, ingawa malipo kwa eka humshawishi dereva asimamishe kazi baadaye kuliko inavyofaa. Mwenye mnyama anaweza kuweka masharti: kazi iishe saa nne asubuhi jua linapokuwa kali, na yeyote anayehema mdomo wazi au kutetemeka miguu afunguliwe papo hapo. Swali la kuuliza Septemba, mbele ya zizi, ni moja: je, nundu ya maksai huyu imesimama? Kama imelala, jembe la msimu tayari limeanza kuvunjika, na bado kuna wiki nane za kulitengeneza.