Panya, Ndezi na Sungura: Kitoweo cha Nyumbani

Watu wa Masasi na Newala wasafiripo kwenda nchi nyingine, mara nyingi huchekwa kwa ajili ya kula panya. Hata vijana wengine huona haya, wakaikana desturi ya wazee wao. Twaona yafaa tulifikiri shauri hili kwa utulivu, kwani chakula cha watoto si jambo la mzaha.

Kwanza tukumbuke asili yake. Juu ya uwanda wa Makonde maji ni ya shida, na huku kusini tangu zamani mbung'o waliwazuia ng'ombe wasiongezeke. Basi wazee walitafuta kitoweo porini na mashambani: panya wa shamba, panya buku, ndezi na sungura. Mwaka 1906 Mjerumani Karl Weule, mchunguzi wa desturi za watu, alifika Masasi na Newala. Na katika kitabu chake alionyesha namna mtego wa panya ulivyofanywa. Panya wa shamba hula nafaka na karanga za mkulima. Amtegaye apata faida mbili: alinda mavuno yake, tena apata nyama.

Lakini desturi njema huweza kuharibiwa na njia mbaya. Wako wachomao nyika ili kuwapata panya kwa urahisi. Moto ukishika upepo, mikorosho ya jirani huteketea. Naye akipanda mingine atangoja miaka mitatu au zaidi kabla haijaanza kuzaa. Hivyo kwa ajili ya panya wachache, nyumba nzima yakosa fedha za nguo na madaftari. Mtego na jembe vyatosha.

Tena tujihadhari na magonjwa. Wilayani Lushoto tauni ilizuka mwaka 1980, nayo huenezwa na viroboto wa panya. Kwa hiyo panya aliyeonekana amekufa asiguswe kwa mikono mitupu, wala asiliwe kamwe. Huenda alikuwa mgonjwa, au alikula sumu. Amchunaye panya anawe kwa sabuni, na nyama ipikwe hata iive kabisa.

Kwa nyumba zipendazo nyama isiyohitaji kuwindwa, yafaa kufuga sungura. Jike huchukua mimba siku 31 hivi, naye huzaa watoto kadhaa kwa mara moja. Apewe banda la miti lililoinuliwa kutoka chini, majani mabichi na makavu, na maji safi kila siku. Nyama yake haina mafuta mengi. Hupendeza ikiungwa kwa karanga au tui la nazi.

Mwisho, tusisahau adabu ya meza. Kwa Mwislamu panya si halali. Katika Mambo ya Walawi sungura naye atajwa miongoni mwa wanyama wasioliwa, na Wasabato washika neno hilo hata leo. Mgeni na aambiwe wazi kilichomo chunguni, wala asilazimishwe. Lakini naye alaye asidharauliwe. Ninyi waalimu, mtoto akichekwa darasani kwa sababu ya chakula cha kwao, msinyamaze. Waelezeni wenzake habari za mbung'o, za maji, na za wazee waliolea watoto wao kwa akili katika nchi isiyo na ng'ombe.