Umakini Hupangwa

Usiku wa tarehe 29 Desemba 1972, ndege ya shirika la Eastern iliyotoka New York ilikuwa inakaribia kutua Miami. Taa ndogo ya kijani, ile inayomhakikishia rubani kwamba gurudumu la mbele limeshuka na kujifunga, haikuwaka. Rubani akaomba azunguke kwanza. Akaelekezwa magharibi, juu ya vinamasi vya Everglades, abaki kwenye kimo cha futi 2,000, na ndege ikaachiwa mfumo wa kujiendesha. Kisha wote waliokuwa mbele wakaigeukia taa. Huyu anahangaika kuichomoa, yule anashuka chini ya sakafu kwenda kuchungulia gurudumu kwa macho. Inaelekea mmoja wao aliusukuma usukani kidogo bila kujua, na mfumo ukaacha kushikilia kimo. Ndege ikaanza kushuka taratibu. Kengele ya kimo ikalia, hakuna aliyeishtukia. Watu 101 walikufa. Uchunguzi ulipofanyika ikaonekana gurudumu lilishuka sawasawa. Kilichoungua ni balbu tu.

Sisi tunaosomea saikolojia ya kazi tunaipenda habari hii kwa sababu inaondoa lawama rahisi. Wale marubani hawakuwa wazembe. Walikuwa makini, tena mno, lakini umakini wao wote ulikwenda kwenye taa moja, na hakuna hata mmoja aliyepewa jukumu la kutazama kimo peke yake. Ajali ya pili, ya Septemba 1974 kule Charlotte, ilikuwa ya aina nyingine: marubani walikuwa wanapiga soga za siasa na magari ya mitumba huku ndege ikiteremka kwenye ukungu. Zaidi ya watu 70 walipoteza maisha.

Hatua iliyofuata ndiyo inayonivutia zaidi. Mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani haikuwaandikia marubani waraka wa kuwahimiza wajitahidi. Mwaka 1981 ilitunga kanuni: ndege ikiwa chini ya futi 10,000, au inatembea uwanjani kabla ya kuruka na baada ya kutua, marubani hawafanyi jambo lolote lisilohusu usalama wa safari. Hakuna kula, hakuna hadithi, na wahudumu hawawasumbui kwa mambo yanayoweza kusubiri. Umakini ukatoka kwenye orodha ya tabia njema ukaingia kwenye ratiba, kama kujaza mafuta.

Ofisini kwetu mambo ni kinyume. Mhasibu anayefunga hesabu za mwezi akikosea, tunasema hana umakini. Mwalimu akichelewesha kusahihisha, tunamwambia aache simu. Tunalichukulia jambo hili kama kufunga saumu: mwenye imani atashinda, dhaifu atashindwa. Nadhani tunakosea, na ushahidi uliokusanywa tangu miaka ya 1990 unaonyesha tunapokosea.

Tuanze na kinachotokea kichwani. Mtu anapolinganisha daftari la benki na leja, kuna vitu kadhaa anavishika kwa wakati mmoja ambavyo havikuandikwa popote: amefika mstari gani, ile tofauti ya elfu arobaini ilianzia wapi, ni hundi ipi bado anaishuku. Sehemu ya akili inayobeba vitu hivyo ina nafasi chache sana. Swali jipya likiingia linahitaji nafasi, na hupewa kwa kufuta kilichokuwapo. Mwaka 2014 Erik Altmann na wenzake walichapisha jaribio ambamo watu walifanya kazi yenye hatua zinazofuatana, mara wakakatizwa kidogo tu, muda wa kuandika herufi chache kwenye kompyuta. Kukatizwa kwa sekunde 2.8 kuliongeza maradufu makosa ya kuruka au kurudia hatua. Sekunde 4.4 ziliyafanya yawe mara tatu. Sekunde nne hazitoshi hata kuuliza habari za nyumbani na kujibiwa.

Upande mwingine wa tatizo ni kwamba kazi uliyoiacha haikuachi. Sophie Leroy, aliyechapisha utafiti wake mwaka 2009, aligundua kwamba mtu akihamishwa kutoka kwenye kazi ambayo hajaimaliza, sehemu ya mawazo yake hubaki kulekule, na kazi ya pili anaifanya kwa akili pungufu. Ndiyo maana mkutano wa dakika kumi katikati ya asubuhi unaharibu mambo mawili: ripoti uliyoiacha, na mkutano wenyewe, maana umekaa pale unatikisa kichwa huku ukiwaza ripoti. Baadaye Leroy na Theresa Glomb walijaribu dawa ndogo. Kabla ya kumgeukia aliyekukatiza, andika upesi umefikia wapi na hatua inayofuata ni ipi, ndipo umsikilize. Waliofanya hivyo waliishughulikia kazi ya pili vizuri zaidi. Nawashauri watu wengi jambo hili kuliko jingine lolote, kwa kuwa halihitaji kibali cha mkuu wa idara. Linahitaji kalamu na sekunde kumi, na aliyesimama mlangoni atavumilia ukimwonyesha kidole cha "kidogo tu".

Kuna takwimu inayozungushwa kwenye semina: kwamba ukikatizwa, akili huchukua dakika 23 kurudi. Imetokana na kazi za Gloria Mark wa Chuo Kikuu cha California, Irvine, lakini inasomwa vibaya. Alichopima yeye na wenzake, wakiwafuata wafanyakazi ofisini na saa mkononi, ni muda unaopita kabla mtu hajaigusa tena kazi ileile, na katikati yake huwa ameshapitia kazi nyingine mbili hivi. Ubongo haukai bure dakika zote hizo ukijipasha moto. Mtu amepotelea kwenye shughuli nyingine. Ni jambo baya pia, ila dawa yake ni tofauti, na ndiyo maana nalitaja. Mark aliona pia kwamba kukatizwa kwingi hakutoki kwa wengine. Mtu anainua kichwa mwenyewe, anafungua barua pepe mwenyewe.

Tena ni yeye aliyeleta matokeo yanayowatatiza wahubiri wa utulivu. Mwaka 2008, pamoja na watafiti wenzake wa Ujerumani, aliwapa watu kazi ya kujibu barua pepe na kuwakatiza kwa makusudi. Waliokatizwa walimaliza haraka zaidi, wala ubora wa majibu haukushuka. Kwa hiyo meneja anayeona watu wake wanakimbizana na bado wanamaliza hadanganyiki. Kilichopanda kilikuwa mfadhaiko, hasira na hisia ya kubanwa na muda. Watu walifidia usumbufu kwa kukaza mwendo na kuandika maneno machache. Gharama ipo, mshahara wa mwezi huo hauionyeshi. Na majaribio ya kujibu barua pepe hayatuambii lolote kuhusu kazi inayohitaji saa tatu za kufikiri mfululizo, kama kuandika mtaala au kutafuta hitilafu kwenye programu.

Kuhusu simu, tahadhari kidogo. Mwaka 2015 watafiti wa Florida walionyesha kwamba mlio wa arifa peke yake, bila mtu kuigusa simu, unatosha kushusha umakini kwenye kazi. Utafiti mwingine, wa Adrian Ward wa Texas na wenzake mwaka 2017, ulidai kwamba simu ikiwapo tu mezani, hata kama imezimwa, inakula sehemu ya akili, na kwamba walioiacha chumba kingine walifanya vizuri zaidi. Huu ulipata umaarufu mkubwa, lakini waliourudia hawakupata matokeo yaleyale kila mara. Mimi ningeuchukua wa kwanza kwa uzito. Zima mlio. Kama unaweza kuiacha kwenye mkoba chumba cha pili, iache, hutapoteza kitu. Makundi ya kamati za harusi, ambayo kila mwenye mshahara ameingizwa bila kuulizwa, yanaweza kunyamazishwa kwa siku nzima na harusi ikafungwa vilevile.

Shauri hilo lina mpaka. Wakala wa pesa kwa simu hawezi kuzima simu. Simu ndiyo duka lake. Vivyo hivyo dereva wa bodaboda, fundi bomba, muuza samaki anayesubiri simu kutoka soko la samaki la Feri. Kwao haina maana kusema simu ni adui. Lakini hata wao wana dakika zao za hatari. Wakala anapoingiza namba, huku mteja wa pili anauliza kama kuna salio na wa tatu anasalimia, ndipo laki mbili zinapokwenda kwa mtu asiyejulikana. Mawakala wazuri wamejitungia kanuni yao: namba inaingizwa, jina linalotokea linasomwa kwa sauti, mteja anakubali, ndipo wakala anageukia mwingine. Marubani hufanya hivyohivyo na waongoza ndege: agizo linatolewa, linarudiwa kwa sauti, linathibitishwa.

Wodini pia jambo hili la kukatizwa limepimwa kwa kina. Johanna Westbrook na wenzake waliwafuatilia wauguzi 98 katika hospitali mbili za Sydney wakati wa kugawa dawa, wakaandika kila kitu, na kuchapisha mwaka 2010. Zaidi ya nusu ya mara walizogawa dawa, muuguzi alikatizwa. Kila kukatizwa kulienda pamoja na ongezeko la asilimia 12 hivi la makosa ya taratibu, na la kiasi hichohicho la makosa ya kitabibu, kama dozi au dawa isiyo yake. Aliyewahi kulaza mgonjwa anajua hali ilivyo: sista amesimama na trei, na sisi ndugu tumemzunguka, huyu anauliza daktari anapita saa ngapi, yule anataka shuka. Hakuna mwenye nia mbaya. Sote tunamkatiza mtu anayehesabu vidonge.

Hospitali kadhaa duniani zikajaribu kuwavalisha wauguzi fulana yenye maandishi ya kuomba wasisumbuliwe. Timu ya Westbrook iliipima njia hiyo pia, mwaka 2017. Kukatizwa kulipungua, ingawa hakukuisha, na wauguzi wenyewe walilalamika kwamba fulana ni za joto na zinawapotezea muda. Chini ya nusu walitaka ziwe utaratibu wa kudumu. Kama ni joto Sydney, wodi ya Temeke mwezi wa Februari ndiyo usiiseme. Ninachojifunza hapo ni kwamba alama haitoshi pasipo mtu mwingine wa kupokea maswali. Ndugu wa mgonjwa bado anataka shuka.

Hapo ndipo utafiti wa Leslie Perlow unapoingia, na kwangu ndio wenye mafunzo mengi kuliko yote. Katika miaka ya 1990 alikaa na wahandisi wa programu katika kampuni moja kubwa ya Marekani ambao walifanya kazi usiku na mwisho wa juma, na bado walikuwa nyuma ya ratiba. Mchana walikuwa wanakatizana bila kukoma: maswali, mikutano, wakuu wanaopita kuulizia maendeleo. Kazi ya kufikiri ilianza wengine walipoondoka. Perlow akapanga nao kitu rahisi. Siku tatu kwa wiki, tangu asubuhi hadi saa sita mchana, hakuna kukatizana. Baada ya hapo milango iko wazi. Watu wakafanya kazi, na bidhaa ikatoka kwa wakati.

Kisha mtafiti akaondoka, na utaratibu ukafa. Wahandisi hawakuuchoka. Ila mfumo wa kutuza watu ulikuwa uleule: aliyesifiwa na kupandishwa cheo ni yule anayeacha kila kitu akakimbilia moto unaowaka, anayejibu simu saa tano usiku, anayeonekana. Aliyekaa kimya asubuhi nzima na kuzuia moto usiwake hakuonekana na mtu. Utulivu ulikuwa unadai kwamba wakuu nao waache kupita mezani kuuliza, na hilo halikudumu.

Nikilitazama hili kwa macho ya ofisi zetu naona magumu mawili. La kwanza ni heshima. Kwetu mtu hapitwi bila salamu, na salamu ina hatua zake. Anayejibu huku macho yakiwa kwenye kompyuta anaringa. Sioni sababu ya kupigana na desturi hiyo. Salamu zikusanywe. Ofisi inayokutana saa mbili asubuhi, watu wakajuliana hali na kuambizana la siku, imeshalipa deni la heshima, na anayefunga mlango saa mbili na nusu hajamdharau yeyote. Salamu za mojamoja, zinazosambaa tangu asubuhi hadi adhuhuri, ndizo zinazokata kazi vipande.

Gumu la pili ni cheo, na hapo sina suluhisho rahisi hivyo. Mkuu akipiga simu, mdogo anapokea, hata kama yuko mstari wa mia nne wa leja. Kanuni ya marubani ilifanya kazi kwa sababu ilimfunga nahodha sawa na msaidizi wake. Saa za utulivu zinazotangazwa na mkurugenzi ambaye yeye mwenyewe hazimhusu ni karatasi ubaoni. Na kuna la kuuliza kabla ya kuzitangaza: wateja wataendelea kuja, simu ya mezani italia, mjumbe ataleta barua. Nani atazipokea? Kama kuna zamu, kila mtu akikaa mbele asubuhi moja ili wengine wafanye kazi, mpango una nafasi ya kuishi. Mara nyingi, hata hivyo, anayewekwa hapo ni katibu muhtasi au kijana wa mafunzo kwa vitendo, kila siku yeye, na mwisho wa mwaka tathmini yake inasomeka kwamba hamalizi kazi zake kwa wakati.