Joto Lililokwama Chini ya Kifuniko

Mwaka 2012 Intel ilipotoa prosesa za Ivy Bridge, wapenzi wa kuzikimbiza prosesa kupita kasi ya kiwandani walipigwa na butwaa. Sandy Bridge, kizazi kilichotangulia, kilikadiriwa wati 95. Hiki kipya, wati 77 tu. Umeme ulipungua, nyuzijoto zikapanda.

Udogo ulichangia. Kipande cha silikoni kilipunguzwa kutoka milimita za mraba 216 hivi hadi 160. Gawanya wati kwa eneo hilo uone: kila milimita ya mraba ilibeba joto zaidi kuliko zamani.

Lakini kilichozua hasira ni kifuniko. Silikoni haigusani na feni. Juu yake kuna bamba la shaba lililopakwa nikeli, na joto sharti lipite hapo kwanza. Katika Sandy Bridge viwili hivyo vililehemiwa kwa indiamu, metali laini inayopitisha joto vizuri mno. Ivy Bridge ikawekewa pesti ya kupitisha joto, ambayo uwezo wake ni kama sehemu ya kumi ya indiamu, pengine pungufu. Watu wakaanza kubandua vifuniko kwa wembe, kazi ya hatari kwa kifaa ghali, na wakakuta jambo jingine: gundi nyeusi ya ukingoni ilikuwa imekiinua kifuniko, hivyo pesti ikawa nene kuliko inavyotakiwa. Waliokwangua gundi na kupaka pesti bora waliona joto likishuka sana.

Tuwe waadilifu: kulehemu kuna ugumu wake. Indiamu haishiki silikoni bila tabaka la dhahabu, na silikoni ndogo ikipata moto na kupoa mara nyingi, lehemu inaweza kupasuka. Hata hivyo AMD ililehemu Ryzen zake za 2017, na Intel yenyewe ikarudi huko na Core i9-9900K mwaka 2018. Kwa prosesa za bei ya juu, naona pesti haikustahili kabisa.

Kwa hiyo prosesa yako ikipata moto kupita kiasi, usikimbilie kununua feni kubwa. Kipimo cha joto la ndani ya prosesa kikiruka mara kazi nzito inapoanza, huku mapezi ya alumini yanayopozwa na feni yakiwa bado baridi mkononi, joto halijafika kwenye feni. Badilisha kwanza pesti iliyo juu ya kifuniko, kati yake na mapezi. Hali isipobadilika, kizuizi kiko chini ya kifuniko, na hapo kilichobaki, kama hutaki kukibandua, ni kupunguza volteji.