Kuelewa na Kudhani Umeelewa

Eric Mazur alianza kufundisha fizikia ya utangulizi katika Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, mwaka 1984. Wengi wa wanafunzi wake walikuwa wakijiandaa kwa masomo ya udaktari. Waliisifu mihadhara yake na kukokotoa vyema hesabu ngumu za mtihani. Lakini alipowapa maswali mepesi kuhusu kani, mmoja aliuliza iwapo ajibu kama alivyofundishwa au kama anavyofikiri mwenyewe. Lori likigongana na gari dogo, wengi hudhani lori ndilo linalosukuma kwa kani kubwa zaidi. Kumbe kani hizo mbili ni sawa, ila gari dogo huathirika zaidi kwa kuwa ni jepesi.

Tangu mwaka 1991 Mazur alipunguza kuhutubia. Huuliza swali, kila mwanafunzi akachagua jibu kimya, kisha akamgeukia jirani ili kumshawishi, halafu wote wakajibu upya. Aliyeelewa punde huweza kufafanua kuliko profesa, maana bado anakumbuka palipomkwaza.

Utafiti wa Harvard uliochapishwa mwaka 2019 uliongeza tahadhari: waliojifunza kwa kushiriki walipata alama za juu zaidi, ilhali walihisi wamejifunza kidogo kuliko waliosikiliza mhadhara fasaha. Ufasaha hulevya. Kutikisa kichwa, darasani au kliniki, si ushahidi. Mgonjwa wa kisukari anayeitikia kila neno la muuguzi kuhusu insulini aombwe aeleze kwa maneno yake, na aonyeshe kwa mikono yake, atakavyopima dozi ya jioni akiwa nyumbani.