Siku Nzima Bila Kuona Nchi

Msomaji mpenzi, bila shaka umepata kuiona, kama si kwa macho basi kwa picha, meli kubwa ya watalii ikiingia Kilindini au ikitia nanga mbele ya mji wa Unguja. Abiria hushuka, hununua vinyago, hupiga picha, na jioni meli hung'oa nanga na kutokomea. Siku hizo za bandarini sisi watu wa pwani twazijua. Lakini safari ndefu ya meli ina siku nyingine ambazo mtu wa nchi kavu hazioni: siku za katikati ya bahari, nchi haionekani mbele wala nyuma. Katika safari ya kuizunguka dunia, ambayo huchukua siku 100 na zaidi, siku za namna hiyo ni nyingi. Je, watu maelfu hufanya nini humo tangu macheo hata usiku? Na ni nani anayewafanyia kazi?

Wazee wetu walituachia neno: ukiona vyaelea, vimeundwa. Basi leo twende tukavitazame vinavyoelea, kisha tushuke chini tukawaone wanaovifanya vielee. Utaona kwamba siku moja ya baharini ni siku mbili. Kwa abiria ni siku ya kupumzika. Kwa mtumishi huenda ikawa siku nzito kuliko zote.

MJI UNAOKWENDA

Tutwae meli moja ijulikanayo sana, Queen Mary 2. Iliundwa Saint-Nazaire, Ufaransa, ikaanza kazi Januari 2004. Urefu wake ni mita 345. Ukivipanga viwanja vitatu vya mpira kwa urefu, bado meli yavipita. Huchukua abiria 2,600 na zaidi, na watumishi wapatao 1,200. Hao ni karibu watu 4,000, mji mzima, nao hawana kisima wala soko la jirani.

Maji huyapata wapi? Huyatengeneza humo humo. Kuna mitambo mitatu ya kugeuza maji ya chumvi kuwa maji matamu, na kila mmoja waweza kutoa tani 630 kwa siku. Maji ya bahari hutiwa moto yakawa mvuke, chumvi ikabaki nyuma, na mvuke ukipoa huwa maji safi. Umeme nao hutoka katika injini nne za dizeli na mitambo miwili ya gesi iliyo jamii moja na injini za ndege. Umeme huo ndio uwashao taa, upikao chakula, na kuzungusha rafadha nne zinazoning'inia chini ya shetri. Mbili katika hizo hugeuka huku na huku, kwa hiyo meli hii kubwa haina usukani wa kawaida kabisa.

ASUBUHI YA ABIRIA

Tufanye tumo katika bahari ya Pasifiki, meli inakwenda magharibi. Chini yetu mna maji ya kina cha mita 4,000 hivi. Kabla jua halijapanda, wazee kwa vijana wako sitahani wakitembea kwa miguu. Mizunguko mitatu ya meli hiyo ni zaidi kidogo ya maili moja, na wengine huizunguka kila siku bila kukosa, kama mtu aendaye shambani.

Usiku uliopita kila chumba kilipata karatasi yenye habari za siku: saa fulani mafunzo ya dansi, saa fulani mwalimu atasema juu ya visiwa vilivyo mbele, saa fulani waimbaji watakutana. Ipo maktaba yenye maelfu ya vitabu. Lipo hata jumba la kuonyesha nyota darini, na hiyo ilikuwa meli ya kwanza kujengewa jumba la namna hiyo. Maduka nayo yako wazi, maana bandarini hufungwa kwa sababu ya sheria za ushuru. Ikiwa ni Jumapili, nahodha mwenyewe kwa desturi huongoza sala, na watu wa madhehebu mbalimbali huimba pamoja.

Usidhani lakini kwamba anasa humwondolea mtu ubinadamu wake. Katika safari ya miezi mitatu abiria huwa wanakijiji. Wapo wanaokula pamoja meza moja kila jioni hata wakajuana kama ndugu. Wapo wanaogombea viti vya kuota jua, mmoja akitandika taulo alfajiri kisha akaenda zake. Wapo wajane waliosafiri ili wasikae peke yao nyumbani. Wengi ni watu wa makamo na wazee, kwa kuwa vijana hawana miezi mitatu ya kupumzika wala fedha za safari hiyo. Ndiyo maana meli ina hospitali yake, daktari na wauguzi. Katikati ya bahari helikopta haifiki. Mtu akiugua sana, pengine meli nzima haina budi kugeuza njia. Na kwa kuwa kifo hakiogopi maji, panakuwapo pia chumba cha kuhifadhi maiti, ingawa karatasi ya habari za siku haikitaji.

SAA SITA NA DENI LA SIKU

Ifikapo saa sita mchana honi ya meli hulia, na nahodha husema na watu wote kwa kipaza sauti: tuko hapa, tumekwenda maili kadha, upepo ni huu, kina cha maji ni hiki. Honi mojawapo ya Queen Mary 2 ilitoka katika meli ya zamani, Queen Mary ya kwanza, iliyoanza safari zake mwaka 1936. Watu wengi huacha walichokuwa wakikifanya ili wasikilize. Pasipo mlima wala mti wa kutazama, maneno hayo machache ndiyo yanayomwambia mtu kwamba kweli anasogea.

Hapo tena pana jambo la ajabu, nalo ni saa. Dunia huzunguka nyuzi 360 kwa saa 24, yaani nyuzi 15 kwa kila saa moja. Basi meli iendayo magharibi, kila ikipita nyuzi 15, hurudisha saa nyuma kwa saa moja. Siku hiyo huwa na saa 25, na abiria hufurahi kwa kulala zaidi. Lakini hiyo si zawadi, ni mkopo. Ukiizunguka dunia yote utakuwa umekopa saa 24, na deni lazima lilipwe. Hulipwa katikati ya Pasifiki, penye mstari wa tarehe: watu hulala Jumatatu wakaamka Jumatano. Jumanne haikuwapo. Na aliyekuwa na siku yake ya kuzaliwa siku hiyo afanyeje? Hucheka na wenzake, na kuila keki yake Jumatano.

Mabaharia waligundua deni hili kabla halijawekewa mstari. Mwaka 1519 msafara wa Magellan ulitoka Hispania ukielekea magharibi. Mwaka 1522 meli moja iliyosalia, Victoria, ilifika visiwa vya Cape Verde. Kwa hesabu yao ilikuwa Jumatano. Wenyeji wakawaambia kwamba ni Alhamisi. Antonio Pigafetta, aliyeandika habari za safari ile, alistaajabu sana, maana hakuacha kuandika hata siku moja. Hawakukosea kuhesabu; waliizunguka dunia, na siku moja iliwatoka kidogo kidogo bila wao kujua.

CHINI YA SITAHA

Sasa tushuke. Chini ya mazulia na taa nzuri ipo njia ndefu ya chuma, kutoka omo hata shetri, ambayo mabaharia wa meli za Kiingereza huiita Burma Road. Hapo hupita mikokoteni ya mboga, magunia ya nguo, wapishi, mafundi wa bomba, maseremala, madobi na topasi. Wametoka Ufilipino, India, Indonesia na nchi nyingine nyingi, na vijana wa Mombasa nao siku hizi huzitafuta kazi katika meli za watalii.

Siku ya bandarini abiria wengi hushuka, na meza nyingi hubaki tupu. Siku ya baharini hakuna ashukaye. Vinywa vyote viko melini, asubuhi, mchana, saa ya chai na usiku. Mwoka mikate ameanza kazi watu wangali wamelala. Mtumishi wa vyumba hutandika vitanda asubuhi, akarudi jioni kuvitengeneza tena, huku akikumbuka jina la kila mtu na kwamba bibi fulani hapendi mito miwili. Katika chumba cha mitambo, na kule juu anakoongozea nahodha, watu hushika zamu usiku na mchana, kwa kawaida saa nne za kazi na saa nane za mapumziko. Meli hailali.

Hata taka zina watu wake. Kwa sheria za mataifa plastiki ya namna yoyote ni marufuku kutupwa baharini. Mabaki ya chakula yakisagwa hata yakapita tundu lisilozidi milimita 25, yaweza kumwagwa pakiwa mbali na pwani kwa maili 3 za baharini au zaidi. Yasiposagwa ni maili 12, na yapo maeneo yenye masharti makali zaidi. Basi chini kule wamo watu ambao kazi yao mchana kutwa ni kuchambua: chupa huku, makopo huku, karatasi huku.

Na ile saa tuliyosema? Meli iendapo magharibi, mtumishi naye huipata saa yake ya kulala. Lakini iendapo mashariki mambo hugeuka. Siku huwa na saa 23, na saa ikiondolewa usiku, hutoka katika usingizi wake. Abiria aweza kulala mchana. Mwoka mikate hawezi. Kwa sababu hiyo baadhi ya meli husogeza saa mchana.

SHERIA YASEMAJE

Upo Mkataba wa Kazi za Baharini wa mwaka 2006, ulioanza kutumika Agosti 2013, na Kenya na Tanzania zimeuridhia. Wasema kwamba baharia apewe mapumziko yasiyopungua saa 10 katika kila saa 24, na saa 77 katika siku saba. Mapumziko ya siku yaweza kugawanywa mara mbili tu, na sehemu moja isipungue saa 6. Njia nyingine ambayo nchi yaweza kuichagua ni kuweka mpaka wa kazi: saa 14 kwa siku na saa 72 kwa juma.

Fanya hesabu mwenyewe, msomaji. Juma lina saa 168. Toa 77 za mapumziko, zabaki 91. Kwa hesabu ya mapumziko, basi, mtu aweza kufanya kazi saa 13 kila siku, siku zote saba, na sheria isiwe imevunjwa. Na mikataba ya kazi ni ya miezi mingi mfululizo. Mwaka 2020, ugonjwa wa korona ulipofunga bandari, mabaharia wa meli za kila namna wapatao 400,000 walikwama melini baada ya mikataba yao kwisha, wengine kwa zaidi ya mwaka. Siku hizi simu hufika kwa setilaiti, nalo ni jambo jema. Baba aweza kumwona mtoto akianza kutembea. Lakini hawezi kumshika mkono.

KWA WAZAZI NA VIJANA

Hatusemi haya ili kuwatia vijana hofu. Kazi ya melini ni kazi halali na ya heshima, na imesomesha watoto na kujenga nyumba nyingi. Lakini kijana aende macho yake yakiwa wazi.

Kwanza, ajue kwamba kwa mkataba huo wakala haruhusiwi kumdai baharia ada ya kumpatia kazi. Gharama anazoweza kuzibeba mwenyewe ni cheti cha afya, kitabu cha baharia, pasipoti na hati kama hizo. Akija mtu mtaani kwenu akidai fedha za "kuingiza jina," msiuze ng'ombe wala kiwanja. Mwacheni aende zake.

Pili, asome mkataba wake wote kabla ya kutia sahihi, apate nafasi ya kuuliza, na abaki na nakala yake. Mkataba ueleze mshahara, saa za kazi, likizo, na kwamba mwenye meli ndiye atakayelipa nauli ya kumrudisha nyumbani kazi ikiisha.

Tatu, ninyi mnaobaki nyumbani, mjue mwenzenu anapokuwa. Asipopiga simu siku mbili, msiseme ametusahau au amelewa fedha. Huenda ni siku za baharini: abiria wote wako melini, meza zote zimejaa, na saa yake ya kulala imepungua. Mwandikieni maneno mafupi mema, ayakute atakapoamka kwa zamu yake.