Haki ya Kunyima: Gharama ya Utangazaji wa Michezo katika Runinga za Kulipia

Neno haki lina uzito wake katika Kiswahili. Tunapotaja haki ya mtoto kupata elimu au haki ya mshtakiwa kusikizwa, tunakusudia jambo ambalo mtu anastahili kwa kuwa ni mtu, jambo lisilofaa kuuzwa wala kununuliwa. Hata hivyo, neno hilohilo limepata makao mengine katika kurasa za michezo za magazeti yetu, ambako husemwa haki za utangazaji. Huko, haki ni bidhaa. Huitishiwa zabuni, hugawanywa mafungu, hununuliwa kwa muhula wa miaka mitatu au minne, kisha hurudi sokoni. Makala haya yananuia kueleza bidhaa hiyo ni kitu gani hasa, kwa nini bei yake imepanda kwa kiasi cha kustaajabisha tangu miaka ya 1990, na ni nani hatimaye anayeilipa. Mfano mkuu utakaotumiwa ni Ligi Kuu ya Uingereza, kwa kuwa mashabiki wake wamejaa katika mabweni yetu na pia kwa kuwa hesabu zake zimetangazwa hadharani kwa zaidi ya miaka 30.

Ni rahisi kudhani kwamba kituo cha runinga kinaponunua haki hizi kinanunua picha. Picha zenyewe si ghali sana. Zinahitaji kamera, gari la mitambo, mafundi na watangazaji. Kinachogharimu ni upekee, yaani ahadi ya muuzaji kwamba katika nchi ile hakuna kituo kingine kitakachoonyesha mechi ileile kwa wakati uleule. Kwa maneno mengine, mnunuzi hulipia uwezo wa kuwanyima wengine. Iondoe ahadi hiyo, na kampuni zote zionyeshe mechi zote, uone kama kuna atakayetoa hata robo ya fedha zinazotolewa sasa.

Upekee huo una thamani kubwa katika michezo kuliko katika vipindi vingine kwa sababu mbili. Kwanza, mechi huharibika upesi kama samaki wa asubuhi. Filamu inaweza kungojewa mwezi mzima na bado ikaburudisha, ilhali mechi ambayo matokeo yake yamekwisha kujulikana huwavutia wachache. Pili, mechi haina mbadala. Anayetaka tamthilia ya mapenzi anaweza kuridhishwa na nyingine, lakini shabiki wa Arsenal hawezi kuliwazwa kwa kuonyeshwa Everton. Penye bidhaa isiyowekeka na isiyo na mbadala, muuzaji ndiye mwenye kisu kikali.

Mambo hayakuwa hivi tangu awali. Kabla ya miaka ya 1990, wanunuzi wa maana nchini Uingereza walikuwa wawili tu, BBC na ITV, nao hawakuwa na haraka. Mwaka 1988 ITV ililipa pauni milioni 44 kwa miaka minne ya ligi ya daraja la juu. Kisha ikaja setilaiti. Kampuni ya BSkyB, iliyozaliwa mwaka 1990 kwa kuunganishwa kwa washindani wawili waliokuwa wakifilisishana, ilikuwa ikipata hasara kubwa na ilihitaji sababu ya kumfanya Mwingereza apande dishi ukutani. Vilabu vikubwa vilipojitenga na kuunda Ligi Kuu mwaka 1992, BSkyB pamoja na BBC, ambayo iliridhika na muhtasari wa usiku, zilishinda kwa mkataba wa pauni milioni 304 kwa miaka mitano. Mmiliki wa Tottenham wakati huo, Alan Sugar, ambaye kampuni yake ilikuwa ikiunda madishi hayo, alikuwa miongoni mwa walioiunga mkono zabuni hiyo. Sidhani kama yupo aliyeshangaa.

Mwaka 1996, akiwahutubia wenye hisa mjini Adelaide, Rupert Murdoch alieleza mkakati huo kwa sitiari ambayo imenukuliwa mno tangu wakati huo: michezo ingekuwa gogo la kuvunjia milango ya runinga ya kulipia. Mwanafunzi wa fasihi hana budi kuisifu sitiari hii kwa ukweli wake. Gogo halithaminiwi kwa uzuri wake, bali kwa kile kilicho nyuma ya mlango. Humo ndimo ulimo ufunguo wa suala zima la bei. Anayenunua mechi hapimi kama mechi hizo zitarudisha fedha zake zenyewe; hupima idadi ya nyumba zitakazofunguka, na vitu vingine atakavyouza akishaingia.

Ushahidi wa jambo hilo ulionekana wazi mwaka 2012. Kufikia wakati huo bei ilikuwa imepanda kwa hatua, kutoka pauni milioni 670 kwa misimu minne iliyoanza 1997 hadi takriban bilioni 1.77 kwa misimu mitatu iliyoanza 2010. Ndipo BT, kampuni ya simu, ilipojitosa uwanjani. BT haikuwa na mapenzi ya ghafla na kandanda. Sky ilikuwa imeanza kuuza intaneti ya nyumbani na kuwanyakua wateja wa BT, na BT ikaamua kulipiza kisasi mahali penye maumivu. Mkataba wa 2013 hadi 2016 ulifikia pauni bilioni 3.018, na uliofuata ukafika bilioni 5.136. Mechi zilizouzwa zilikuwa zimeongezeka kidogo tu, kutoka 154 hadi 168 kwa msimu. Mechi moja, ambayo katika mkataba wa 1992 haikuzidi takriban pauni milioni 1, sasa ilikuwa imepita milioni 10. Wachezaji hawakuwa wamekuwa hodari mara 10 kuliko baba zao. Kampuni mbili zilikuwa zikigombea nyaya za intaneti, na mpira ukawa silaha.

Hapa pana jambo ambalo aghalabu husahauliwa na wanaolalamikia bei hizi. Mkataba wa sasa wa Uingereza, ulioanza 2025 na utakaodumu kwa misimu minne, ni wa pauni bilioni 6.7. Jumla hiyo inatisha. Lakini mechi zilizouzwa zimekuwa 267 au zaidi kwa msimu, badala ya 200 za awali. Ukigawanya, utapata takriban pauni milioni 6.3 kwa mechi, yaani chini ya bei ya miaka 10 iliyopita. Ushindani kati ya Sky na BT ulikwisha kupoa, na ligi imeilinda jumla yake kwa kuongeza mzigo kwenye mizani. Vichwa vya habari husema bei imepanda. Mwenye kukokotoa husema upekee wa mechi moja umeanza kupungua thamani.

Serikali na mahakama za Ulaya zimejaribu kuingilia kati, na matokeo yake yanafundisha. Kwa kushinikizwa na Tume ya Ulaya, Ligi Kuu ilikubali kwamba kuanzia msimu wa 2007 asiwepo mnunuzi mmoja atakayechukua mafungu yote. Ilitarajiwa kwamba ushindani ungempunguzia mtazamaji gharama. Kilichotokea ni kwamba aliyekuwa akilipia Sky peke yake alihitaji sasa kulipia na Setanta pia, na baada ya Setanta kuporomoka mwaka 2009, kulipia nyingine. Wapiganapo fahali wawili, ziumiazo ni nyasi. Kosa lilikuwa la kimantiki: ushindani hushusha bei pale ambapo wauzaji wawili wanauza kitu kimoja. Ukiwapa wauzaji wawili vitu viwili tofauti ambavyo mlaji anavihitaji vyote, umeunda ukiritimba mara mbili.

Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya nayo, katika kesi ya mwenye baa mmoja wa Portsmouth aliyekuwa akionyesha mechi kwa kutumia kadi ya king'amuzi cha Ugiriki, iliamua mwaka 2011 kwamba kumzuia mtu kutumia kadi hiyo kulikiuka uhuru wa huduma katika Umoja huo. Katika hukumu hiyo mlikuwa na kauli ambayo wapenzi wa ushairi wataitafakari: mechi ya soka si kazi ya ubunifu inayolindwa na hakimiliki, kwa kuwa imefungwa na kanuni za mchezo zisizoacha nafasi ya uhuru wa kubuni. Wanaarudhi wetu wangekuwa na la kujibu! Nembo, wimbo wa ligi na michoro ya kwenye skrini ndivyo vilivyopewa ulinzi. Kwa hivyo mabilioni yote tuliyoyataja hayalipiwi mechi kama kazi ya sanaa. Hulipiwa mkataba na mlango wa uwanja unaofungwa.

Anayeshinda zabuni kama hizi mara nyingi ni yule aliyekosea zaidi katika kukisia, na wanauchumi huiita hali hiyo laana ya mshindi. ITV Digital ilifilisika mwaka 2002 ikiwa na deni kubwa kwa vilabu vya madaraja ya chini vya Uingereza. Nchini Ufaransa, kampuni ya Mediapro iliahidi mwaka 2018 zaidi ya yuro milioni 800 kwa msimu kwa sehemu kubwa ya ligi, ikashindwa kulipa mwaka 2020 kabla msimu wake wa kwanza haujafika nusu. Ligi hiyo ililazimika kushusha bei mara kwa mara hadi mwaka 2025 ilipoanzisha kituo chake yenyewe.

Laana hiyo iliwahi kufika kwetu. GTV ilianza mwaka 2007 ikiwa imenunua sehemu kubwa ya mechi za Ligi Kuu kwa Afrika, na Wakenya wengi walinunua ving'amuzi vyake kwa kuwa vilikuwa nafuu kuliko DStv. Januari 2009 skrini ziligeuka nyeusi. Kampuni ilitaja msukosuko wa fedha duniani. Mechi zilirudi kwa mwenye nguvu wa zamani, na ving'amuzi vikabaki kuwa mapambo juu ya kabati.

Kwa mtazamaji wa Kenya kuna tatizo ambalo Mwingereza halijui. Haki hununuliwa kwa fedha za kigeni, ilhali ada hukusanywa kwa shilingi. Dola ilipokaribia shilingi 160 mwanzoni mwa 2024, gharama ya mechi ilipanda bila ligi kuongeza hata senti. Ada ya kifurushi cha juu cha DStv nchini imepita shilingi 10,000 kwa mwezi, kiasi ambacho ni mshahara wa mwezi wa baadhi ya wafanyakazi. Wateja wengi barani walijiondoa, na mwaka 2025 MultiChoice, mmiliki wa DStv, ikamezwa na Canal+ ya Ufaransa.

Umma haukuacha kutazama, lakini. Ulihamia kwenye vibanda, ambako kwa shilingi chache watu 50 hukaa kwenye mabenchi na kugawana ada moja. Watanzania wamekipa kibanda cha aina hiyo jina la kibandaumiza, neno ambalo kwa maoni ya mwandishi huyu linastahili kuingizwa katika kila kamusi, maana limebeba joto, msongamano na bao la dakika ya mwisho kwa pamoja. Kisheria, mwenye kibanda anayetumia kadi ya nyumbani anavunja mkataba. Kiuchumi, yeye ndiye aliyepatanisha bei ya London na mfuko wa Kayole.

Tusidhani, hata hivyo, kwamba gogo la kuvunjia milango ni la wageni peke yao. Ligi Kuu ya Kenya ilipata fedha za SuperSport kwa takriban mwongo mmoja, hadi kampuni hiyo ilipojiondoa mwaka 2017 baada ya ligi kupanuliwa kutoka timu 16 hadi 18, jambo ililoliona kuwa ukiukaji wa mkataba. Ng'ambo ya Namanga mambo yaliendelea kinyume. Azam Media iliingia sokoni na ving'amuzi vyake yenyewe, ikitegemea mechi za Simba na Yanga kufungua milango, na mwaka 2021 ikatia sahihi mkataba wa miaka 10 na shirikisho la soka la Tanzania wenye thamani ya shilingi za Tanzania bilioni 225.6. Kiasi hicho ni kidogo kikilinganishwa na cha Uingereza, lakini mantiki ni ileile: upekee wa kitu ambacho watu wa pale hawawezi kukikosa.

Tofauti moja inapaswa kutugusa sisi wa chama hiki. Leonard Mambo Mbotela, aliyefariki Februari 2025, alitangaza kandanda redioni kwa Kiswahili kwa taifa zima, na aliyekuwa na redio hakudaiwa ada ya mwezi. Runinga ya kulipia ilipochukua nafasi hiyo, lugha ya mtangazaji ilifuata soko la aliyelipa. Ligi iliyonunuliwa na kampuni ya Dar es Salaam kwa ajili ya wateja wa Tanzania hutangazwa kwa Kiswahili, na hapo ndipo mtazamaji wa Kenya mwenye king'amuzi cha Azam anapokutana na neno mubashara, wakati vituo vyake vya nyumbani vingali vikimwambia moja kwa moja.